Shajara ya darasa la Kijapani la jioni kwa watu wazima, Mombasa, 2024

9 Januari 2024: Kabla ya kuanza

Nimeifungua shajara hii ili atakayetaka kuanzisha darasa kama hili asilipie makosa ambayo mimi nitakuwa nimekwisha kuyalipia. Niliishi Yokohama miaka saba nikifanya kazi katika yadi ya kusafirisha magari yaliyotumika, nikarudi Mombasa na cheti cha N2 cha JLPT, mtihani wa Kijapani kwa wageni ambao una ngazi tano, N5 ikiwa ya chini kabisa na N1 ya juu. Tangu nirudi haipiti wiki bila mtu wa yadi au ajenti wa forodha kunitumia kwa simu picha ya karatasi ya mnada wa magari wa Japani, akiniuliza imeandikwa nini. Karatasi hiyo ndiyo cheti cha afya cha gari: ina alama aliyoitoa mkaguzi, kilomita zilizotembewa, mchoro wa bodi uliojaa herufi za kasoro, na chini yake mistari miwili mitatu ya mwandiko wa haraka ambamo siri zote zimefichwa. Mnunuzi asiyejua kuisoma huitegemea tafsiri ya muuzaji, na muuzaji hana sababu ya kutafsiri kila kitu.

Mpango ni jioni mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:00 usiku, kwa ada ya shilingi 1,500 kwa mwezi. Nimekodi chumba cha shule ya chekechea karibu na Mwembe Tayari kwa shilingi 4,000 kwa mwezi, na nimenunua ubao mweupe wa mtumba kwa shilingi 4,200. Vitabu sinunui, kwa kuwa Japan Foundation, taasisi ya Japani ya kueneza lugha na utamaduni wake, hutoa vitabu vya wanaoanza bila malipo kupitia intaneti. Tutatoa fotokopi za kurasa tunazozihitaji. Waliojiandikisha ni 17, wa umri wa miaka 23 hadi 61: mafundi, maajenti, wenye yadi, mwongoza watalii mmoja, na mama mmoja mwalimu mstaafu asiyekuwa na haja yoyote na magari. Binti yake ameolewa Osaka, na yeye anataka kuzungumza na wajukuu.

8 Februari 2024: Hiragana imetushinda

Nilianza na hiragana, herufi za silabi za maneno ya Kijapani chenyewe, kwa sababu mimi mwenyewe nilianzishwa nayo na kwa sababu kila kitabu huanza nayo. Herufi 46, tano kwa jioni, na imla kila Alhamisi. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wanakuja 12, kisha 10, na jioni moja fundi wa injini, aliyekuwa amekuja moja kwa moja kutoka gereji na mikono yake bado ina grisi kwenye kucha, aliweka karatasi ya mnada juu ya meza akaniuliza kwa upole: “Mwalimu, hizi herufi tunazojifunza ziko wapi humu?” Tukazitafuta pamoja. Zilikuwa nne, zote katika neno moja pembeni. Zilizobaki zilikuwa katakana, kanji (herufi zenye asili ya Kichina) na tarakimu.

Usiku huo niliutupa mpango wangu wa miezi mitatu. Katakana ndizo herufi ambazo Wajapani huandikia maneno ya kigeni, na gari la Kijapani limejaa maneno ya kigeni kama vile gari la Kiswahili. Sote wawili tuliyachota kisima kimoja, Kiingereza, tukayavika nguo za kwetu: sisi tukasema bampa, breki, boneti, klachi na gia, wao wakasema banpā, burēki, bonnetto, kuratchi na gia. Jumanne iliyofuata niliandika ubaoni バンパー bila maelezo, nikawapa jedwali la katakana na dakika tano. Yule fundi alilisoma kabla ya ajenti mwenye shahada, na tangu siku hiyo hajakosa darasa.

Undugu huo wa maneno una mitego, na tulinaswa na miwili. Handoru si mkono wa mlango bali ni usukani. Akuseru si ekseli ya magurudumu bali ni pedali ya mafuta. Mwanafunzi mmoja alisoma kwenye karatasi kwamba akuseru ina hitilafu, akampigia mteja kumwambia ekseli imevunjika, na mteja akaghairi gari ambalo lilihitaji kubadilishiwa pedali tu. Kuanzia hapo kila neno la gari tunaliandika pamoja na mchoro, na mshale unaoelekea kwenye kifaa chenyewe.

Kasoro ya pili ilikuwa herufi nne zinazofanana kama mapacha: シ (shi), ン (n), ツ (tsu) na ソ (so). Nilijaribu kuzieleza kwa mwelekeo wa kalamu, hawakunielewa. Kilichofaa ni kuwaambia wafikirie chumba: katika shi na n vijistari vifupi vimeegemea ukuta wa kushoto, na katika tsu na so vimening'inia kwenye dari. Sasa mtu akikosea, wenzake humpigia kelele “Ukutani!” au “Darini!”, na kosa linarekebishwa bila mimi kunyanyuka. Madaftari ya kuandikia tulipata kwa urahisi usiotarajiwa, maana daftari la hesabu la miraba, shilingi 60 dukani, linatosha kabisa kwa kazi ambayo Japani huuziwa karatasi maalumu.

7 Machi 2024: Viti, fotokopi na bibi

Chumba cha chekechea kilikuwa kosa la fedha. Bei ilinivutia nikasahau kwamba viti vyake vimepimwa kwa watoto wa miaka minne, na mtu mzima aliyeshinda kutwa bandarini hawezi kuandika huku magoti yakimgusa kidevu. Wawili walioacha mwezi wa pili waliniambia waziwazi kwamba waliacha kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya Kijapani. Nimetafuta chumba chenye meza za kawaida kwa shilingi 7,000 kwa mwezi, ambacho tutahamia baada ya Idi. Wanaotoka Likoni nao walikuwa wakifika wamechelewa kila siku kwa sababu ya foleni ya feri, kwa hiyo robo saa ya kwanza nimeifanya ya marudio, na somo jipya halianzi kabla hawajafika.

Hasara nyingine ilikuwa ya fotokopi. Nilichukua picha za karatasi za mnada zilizopita mikononi mwa watu watatu kwenye simu, nikazichapisha kwa ukubwa wa kawaida, shilingi 5 kwa ukurasa, na mwandiko wa mkaguzi ukatoka kama njia ya siafu. Takriban kurasa 400 ziliishia kwenye pipa. Sasa naomba faili la awali kutoka kwa muuzaji na kulikuza hadi A3 kwa shilingi 20. Karatasi moja inatumiwa na watu watatu, na wenye miwani hukaa katikati.

Katika matamshi nilijidanganya. Nilikuwa nimejisifia mbele ya wenzangu kwamba Mswahili ana bahati, kwa kuwa Kijapani kina irabu tano zilezile, a, i, u, e, o, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu kama zetu. Hayo ni kweli, na ndiyo sababu siku ya kwanza walisoma vizuri kuliko Wazungu niliosoma nao Yokohama. Sikukumbuka mkazo. Sisi huitia nguvu silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo bila kujua, ilhali katika Kijapani kuvuta irabu ni kubadilisha neno. Biru ni jengo, na biiru ni bia. Obasan ni shangazi, na obaasan ni bibi. Kijana mmoja wa yadi, akitaka kumheshimu yule mama mwalimu kwa kumwita shangazi, alilitamka neno kwa mkazo wa Kiswahili, na darasa zima likasikia akimwita bibi. Mama alivua miwani, akamtazama, akasema: “Bibi ni kweli mimi ni bibi, lakini wajukuu wangu wako Osaka.”

Nilijaribu kuchora mistari mirefu na mifupi ubaoni, haikufaa. Dawa ilitoka kwa mwanafunzi ambaye hupiga dufu kwenye maulidi: alianza kugonga meza, kila herufi ya kana, yaani ya hiragana au katakana, pigo moja, yote kwa muda sawa, na irabu ndefu mapigo mawili. O-ba-sa-n ni mapigo manne, o-ba-a-sa-n ni matano. Huko nyuma nilikuwa nikihangaika kueleza kwa nini ile n ya mwisho inahesabiwa peke yake, kumbe Kiswahili kinayo tayari. Anayesema nchi, nta na nne hutamka n inayosimama kama silabi kamili, na hiyo ndiyo n ya Kijapani. Jambo lililonichukua miezi mitatu nikiwa Yokohama liliwachukua wao dakika kumi, na nilijuta kwamba sikuwahi kulifikiria.

18 Aprili 2024: Ramadhani na baada yake

Kuanza darasa la jioni Januari, miezi miwili kabla ya Ramadhani, kulikuwa kukosa hesabu kwa mtu aliyezaliwa Mombasa. Nilijaribu kuhamishia masomo baada ya tarawehe, na jioni ya kwanza walikuja wanne, wawili kati yao wakasinzia. Mwezi huo sikutoza ada. Badala ya darasa nilituma kila asubuhi kwa simu kipande kimoja cha karatasi ya mnada chenye neno moja la kusoma, na jibu nikalituma Magharibi. Kwa bei ya sifuri, hilo lilifundisha zaidi ya nilivyotegemea: waliporudi baada ya Idi, 12 kwa jumla, walikuwa wanazijua kwa macho kanji zipatazo 20, zikiwemo 前 na 後 (mbele na nyuma), 左 na 右 (kushoto na kulia), na zile mbili zinazoamua bei ya gari, 有 na 無, ipo na haipo. Mbele ya neno shūfukureki, yaani historia ya matengenezo makubwa ya fremu, tofauti ya 有 na 無 ni tofauti ya maelfu ya shilingi.

Herufi za mchoro zilikwenda haraka: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya bodi iliyokwisha kunyooshwa, S ni kutu, na nambari inayofuata hueleza ukubwa wa kasoro. S imetokana na sabi, kutu. Mkwaruzo huitwa kizu, na hakuna aliyelisahau neno hilo baada ya mmoja wao kusema ni mkwaruzo wa kisu.

Muda mwingi wa mwezi huu umekwenda kwenye maneno yanayofanana na yetu kwa sauti lakini yanatofautiana kwa maana, na hapa nataka kuwaonya walimu wenzangu: msiyaache yajitokeze yenyewe, yatangulizeni. Mimi kwa Kijapani ni sikio, kwa hiyo mtu anayeanza kujitambulisha kwa “Mimi wa...” anatangaza habari za sikio lake. Nani ni nini, na anayetaka kuuliza nani hana budi kusema dare. Mwongoza watalii wetu alimwonyesha mzee mmoja katika picha ya wageni wake na kuuliza “Kono hito wa nani desu ka”, akidhani anauliza ni nani, na kumbe ameuliza mtu huyu ni kitu gani. Kasa ni mwavuli, na kasa wa baharini huitwa umigame. Neno la dubu sitaliandika hapa. Nilikuwa nimelipanga katika somo la wanyama, nikaliondoa asubuhi ya somo lenyewe nilipokumbuka kwamba darasani mna watu na wakwe zao.

21 Mei 2024: Saba na nane

Katika tarakimu sikutarajia shida, kwa sababu Kijapani huhesabu kwa utaratibu ulionyooka: kumi na moja ni jū-ichi, ishirini ni ni-jū. Nilitoa imla ya bei kumi. Bei ya kwanza ilikuwa nana-jū go man, yaani yeni 750,000. Kati ya watu 12, saba waliandika 850,000.

Sababu ilikuwa wazi mara tu nilipoyaona madaftari. Nana ni saba, na sikio la Mswahili likisikia nana linapokea nane. Nane halisi ni hachi. Na ili mambo yazidi kuchanganyika, saba kwa Kijapani ni aina ya samaki. Nilijaribu kuwalazimisha watumie shichi, jina jingine la saba, nikaacha baada ya wiki moja, kwa sababu kwenye simu shichi huchanganywa na ichi hata na Wajapani wenyewe, na ndiyo maana nana hupendwa panapotajwa bei. Nilichofanya mwishoni ni imla ya saba na nane peke yake, dakika tano kila mwanzo wa darasa kwa majuma matatu, mpaka kosa likaisha kwa wote isipokuwa wawili. Hao wawili wamejiwekea sharti la kumwomba muuzaji aandike bei kwa tarakimu kabla ya kukubali, na sharti hilo nimewapendekezea wote.

Hesabu kubwa zilitaka maelezo mengine. Mjapani hukusanya kwa makumi-elfu, kila elfu kumi ikiwa man moja, na anayefikiri kwa Kiingereza cha “maelfu” na “mamilioni” huhangaika. Sisi tuna laki. Laki moja ni man kumi, milioni moja ni man mia. Nilipowaambia waache Kiingereza na wahesabu kwa laki, darasa lilitulia.

27 Juni 2024: Saa

Jumanne ya wiki hii hapakuwa na darasa kwa sababu ya maandamano, kwa hiyo somo la saa tulilimaliza leo, na ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Mswahili akifundishwa kwamba san ni tatu na ji ni saa, husema san-ji akikusudia saa tatu, na saa tatu yake ya asubuhi ni saa ambayo kwa wengine ni tisa. Nililijua kosa hili na nilikuwa nimewaonya. Wiki iliyopita ajenti mmoja alikubaliana na mtu wa yadi huko Yokohama apigiwe simu san-ji, akaniambia kwa ushindi kwamba alikusudia saa tatu asubuhi ya Mombasa, na simu ikalia saa tatu kamili. “Mwalimu, si ulisema nitakosea?” Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kimataifa kwa saa sita. Tofauti hizo mbili zinalingana. Kwa hiyo nambari tunayoitaja sisi sasa hivi kwa Kiswahili ndiyo nambari hiyohiyo anayoitaja Mjapani aliyeko Japani sasa hivi: saa tatu asubuhi Mombasa ni saa tisa alasiri Yokohama, na Mjapani huiita san-ji. Saa moja asubuhi yetu ni ichi-ji yao ya mchana. Asubuhi na usiku hazifanani, lakini nambari haikosei hata mara moja.

Nikaifanya kanuni ya darasa, na kanuni ikaleta hasara mara moja. Mwongoza watalii aliambiwa na wageni wa Kijapani waliokuwa hapa hapa Mombasa kwamba wakutane ku-ji hotelini. Kwa kufuata kanuni yangu alifika saa tisa alasiri. Wageni walikuwa wamemsubiri saa tatu asubuhi, wakachukua mwongozaji mwingine, na yeye akapoteza malipo ya siku nzima. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikusema kanuni inafanya kazi pale tu saa inayotajwa ni ya ukutani Japani. Mjapani akiwa hapa hutaja saa ya hapa kwa hesabu ya kimataifa. Sasa swali la kwanza ambalo kila mwanafunzi huuliza ni Nihon no jikan desu ka, je, ni saa ya Japani? Tumeliandika ubaoni kwa wino usiofutika.

20 Agosti 2024: Kosa langu la miaka

Karatasi ya mnada haiandiki 2017. Huandika mwaka wa zama za mfalme, mara nyingi nambari tupu, 29, na msomaji anatarajiwa kujua ni Heisei 29. Kwetu jambo hili ni zito, kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kwa mwaka huu wa 2024 kikomo ni lililoandikishwa 2017 au baadaye.

Niliwapa jedwali. Nililiandika usiku, nimechoka, nikajumlisha 1989 badala ya 1988, kwa kuwa Heisei ilianza 1989 na nilisahau kwamba mwaka wake wa kwanza ni moja, si sifuri. Jedwali langu likasema Heisei 28 ni 2017. Mwenye yadi mmoja alikuwa ameshachagua magari mawili ya Heisei 28 kwa kulitegemea, na alikuwa siku moja tu kutoka kutuma malipo, pale ajenti wa forodha katika darasa hilohilo alipolikagua na kuniambia mbele ya wote kwamba magari hayo ni ya 2016 na yangekataliwa. Niliomba radhi, nikayakusanya majedwali yote nikayachana.

Jedwali sitaki tena. Tunafanya hesabu ya kichwani ambayo ni rahisi kuikagua: kwa Heisei toa 12, kwa Reiwa, zama zilizofuata, ongeza 18, na jibu ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Heisei 29 toa 12 ni 17. Reiwa 3 ongeza 18 ni 21. Mwaka 2019 una majina mawili, Heisei 31 hadi 30 Aprili na Reiwa 1 kuanzia 1 Mei, na hapo ndipo pa kuangalia mwezi.

Mwezi huu pia karatasi imelipa ada yake kwa mara ya kwanza. Fundi wetu wa injini aliombwa na shemeji yake atazame gari zuri la bei ya kushangaza. Katika mstari wa mwisho wa mwandiko wa mkaguzi alizitambua kanji mbili, 冠水, kansui: gari lilikuwa limezama katika maji ya mafuriko. Tafsiri ya muuzaji haikulitaja. Alinitumia picha saa tano usiku kuniuliza kama amesoma sawasawa, na alikuwa amesoma sawasawa.

19 Septemba 2024: Mtihani

Sita wamejiandikisha kwa N5, inayofanyika Nairobi Jumapili ya 1 Desemba. Mimi sikuwa na hamu nayo, kwa sababu N5 hupima maisha ya kila siku, si karatasi za mnada, na imebidi turudi kwenye hiragana tuliyoikimbia. Wao ndio waliotaka cheti. Safari hii hiragana imekwenda kwa majuma matatu bila malalamiko, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuzishika katakana huziona kama mwandiko wa pili wa kitu anachokijua. Nimenunua spika ndogo ya shilingi 2,800 kwa ajili ya mazoezi ya kusikiliza, na ningeinunua mapema zaidi.

2 Desemba 2024: Tumerudi kutoka Nairobi

Tulikwenda kwa treni Jumamosi, shilingi 1,500 kila mtu kwa daraja la kawaida, tukalala kwa jamaa. Kilichotupata hakikuwa Kijapani. Majibu hutiwa kwa penseli kwenye viduara, na watu waliofanya mtihani wao wa mwisho miaka 20 iliyopita hawakuwa na mkono wa kazi hiyo. Mmoja aliruka mstari mmoja, majibu kumi yakahama nafasi, na akagundua zikiwa zimebaki dakika nne. Tulifanya mazoezi ya maswali yaliyopita mara nane, na mara zote nane walijibu kwa kalamu kwenye daftari.

30 Januari 2025: Matokeo na hesabu

N5 hufaulu kwa alama 80 kati ya 180, lakini pia ni lazima kupata angalau 38 kati ya 120 katika sehemu ya lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 katika kusikiliza. Wamefaulu wanne. Yule aliyehamisha majibu amepata 71. Wa sita, fundi wa injini, amepata 88 na ameanguka, kwa kuwa katika kusikiliza amepata 17, matokeo ya spika niliyoinunua Septemba badala ya Februari. Alicheka, akaniambia gari halizungumzi, linasomwa.

Gharama za miezi 11 ni kodi ya vyumba 68,000, fotokopi 21,400, ubao 4,200, spika 2,800, madaftari 2,400, kalamu za ubao na dasta 2,350, jumla 101,150. Ada zilizolipwa ni 154,500. Kulikuwa na malimbikizo ya miezi 11 ya wanafunzi mbalimbali ambayo nimeyasamehe. Kilichobaki, 53,350, ndio ujira wangu, shilingi 4,850 kwa mwezi. Anayefungua darasa la namna hii asiache kazi yake nyingine.

Darasa la pili litaanza baada ya Idi, Jumanne ya 8 Aprili, katika chumba chenye viti vya watu wazima, kwa katakana, spika na karatasi za A3, na kwa majibu ya viduara kuanzia mwezi wa kwanza. Waliojiandikisha ni 14. Mama mwalimu amelipa miezi miwili mbele, akaleta ombi moja: yeye nimwanzishie hiragana, kwa kuwa ujumbe anaoandikiwa na mjukuu wake hauna katakana hata moja. Nimempangia Jumamosi saa nne asubuhi, ambayo Osaka ni yo-ji, mjukuu akiwa nyumbani na simu iko mkononi mwake.